Kifua Kinapobana

Mkulima wa Mvumi, wilayani Kilosa, yuko shambani anapalilia. Ghafla kifua kinambana kama kimebebeshwa gunia, maumivu yanapanda taya na kushuka mkono wa kushoto. Akikaa kivulini, yanatulia. Jirani atasema ni vidonda vya tumbo, na mara nyingi ataaminiwa.

Kumbe mishipa inayoulisha moyo damu imesinyaa kwa mafuta. Presha, kisukari, sigara na lehemu hufanya kazi hiyo kimyakimya, miaka na miaka. Kwa wanawake na wenye kisukari, huenda kifua kisiume kabisa: ni kichefuchefu, jasho jembamba, pumzi kukatika.

Ugonjwa wa matajiri? Wapi! Utafiti wa hospitali ya rufaa mjini Moshi, uliochapishwa 2020, ulikuta zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano waliofika dharura na maumivu ya kifua au shida ya kupumua ana shambulio la moyo. Wengi hawakuwa wametambuliwa.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huizibua mishipa hiyo. Lakini maumivu yakipita dakika 20 hata mtu akiwa amekaa, basi la asubuhi halisubiriwi. Hospitali ni usiku huohuo.