Kimya Chenye Saini

Juni iliyopita, jioni moja majivu ya miwa iliyochomwa yakidondoka uani kwangu kama ilivyo kila msimu hapa Ruaha, nilipigiwa simu na binti niliyemfundisha baiolojia kidato cha tatu na cha nne. Shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, habari za Nairobi, nzuri tu. Halafu akaniambia ameacha shahada ya uzamivu katikati, ameajiriwa na kampuni ya dawa za wadudu. Makao makuu Ulaya, maabara yake Nairobi. Mshahara hakuutaja na mimi sikuuliza, ila alisema nyumba ya mama yake sasa itaezekwa upya.

Nikamjibu neno ambalo linaniuma mpaka leo. Nilisema, "Kwa hiyo wamekununua."

Hakukasirika. Angekasirika ningepona. Aliniuliza tu, kwa sauti ile ile ya darasani: "Mwalimu, ile tasnifu yako ya funza wa miwa, wakulima walioisoma ni wangapi?"

Nitarudi kwenye swali hilo. Kwanza niseme huyu binti alikuwa anasomea nini, maana sisi tunaoshinda kwenye riwaya na mashairi tukisikia "mwanabaiolojia" tunamuwaza daktari wa mifugo. Somo lake ni baiolojia ya ukuaji: yai moja linajuaje kwamba kichwa kikae huku na miguu kule, buu anajuaje kwamba sasa muda umefika wa kuwa nzi. Na ugonjwa huo wa kuuliza aliupatia hapa hapa. Tuliwapeleka wanafunzi hifadhi ya Mikumi, safari fupi kutoka kwetu, na kama kawaida mbung'o wakaingia ndani ya basi. Wengine walipiga kelele na kujifunika makoti. Yeye alimnasa mmoja kwenye chupa ya maji. Tulipofika getini tukasikia, "Mwalimu, amezaa!"

Kweli alikuwa amezaa. Ndani ya chupa alikuwepo buu mmoja mweupe, mnene, karibu sawa na mama yake kwa ukubwa. Mbung'o hatagi mayai kwa mamia kama nzi wengine. Hubeba buu mmoja tumboni, humlisha maziwa yanayotoka kwenye tezi zake mwenyewe, kisha humzaa akiwa ameshiba tayari. Buu huyo hali kitu tena. Hujichimbia udongoni, ngozi inakuwa ngumu na nyeusi, na kama mwezi mmoja baadaye anatoka mbung'o kamili. Binti yule alikaa na chupa mapajani hadi tunarudi Ruaha, akitazama weupe ukigeuka kahawia. Mimi nikajisemea, huyu atakuwa profesa. Labda nilikuwa najisemea mimi.

Sasa, katika Afrika Mashariki tunaye mtu aliyetembea njia hii kabla yake, na baada ya simu ile nilirudi kumsoma. Thomas Odhiambo wa Kenya, aliyezaliwa 1931, alisoma Makerere, akafanya kazi ya wadudu katika idara ya kilimo Uganda, kisha akaenda Cambridge. Huko aliyekuwa bingwa ni Vincent Wigglesworth, yule aliyekata vichwa vya kunguni wakubwa wa Amerika ya Kusini na kugundua kwamba kunguni asiye na kichwa anaweza kuishi miezi mingi, ila kukua kwake kunategemea ni siku gani umemkata. Karibu na ubongo wa mdudu kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya utoto. Homoni ikiwepo, mdudu anajivua ngozi lakini anabaki mtoto. Ikikoma, anakuwa mtu mzima. Odhiambo aliichunguza tezi hiyo kwa nzige dume wa jangwani, na mwaka 1966 akachapisha kwamba nzige aliyenyimwa homoni yake hujaza mafuta mwilini na kuwa mzito wa kutembea.

Hayo yalikuwa mambo ya maabara. Lakini miaka hiyo hiyo kulitokea kisa ninachokipenda kuliko vyote, na wapenda magazeti mtanielewa. Mwanasayansi Karel Sláma alitoka Czechoslovakia na wadudu wake wekundu, akaenda Harvard kwa Carroll Williams. Prague wadudu wale walikuwa wakikua bila shida. Marekani wakagoma. Walijivua ngozi wakawa watoto wakubwa zaidi, majitu ya kitoto, halafu wakafa bila kukomaa. Walihangaika kutafuta sababu hadi wakafika kwenye karatasi ya kufutia mikono iliyowekwa chini ya chupa. Ilitengenezwa kwa mti wa Marekani wenye kemikali inayofanana na homoni ya utoto. Wakajaribu magazeti. Mdudu aliyekaa juu ya New York Times au Wall Street Journal hakukua. Aliyekaa juu ya Times ya London alikua vizuri.

Mwaka 1967 Williams aliandika kwamba huu ndio mwanzo wa dawa za wadudu za kizazi cha tatu. Hapo ndipo biashara ilipofungua mlango. Carl Djerassi, mkemia aliyeshiriki kutengeneza kiini cha kidonge cha uzazi wa mpango mwaka 1951, alikuwa profesa Stanford na wakati huo huo mkuu wa kampuni. Mwaka 1968 alianzisha kampuni ya Zoecon, na humo ikatengenezwa methoprini, homoni bandia unayoitia kwenye maji na viluwiluwi vya mbu havigeuki kuwa mbu. Mchana darasani, jioni kwenye bodi ya wakurugenzi. Na mtu huyo huyo ndiye aliyesimama na Odhiambo ilipoanzishwa ICIPE mjini Nairobi mwaka 1970, kituo cha kuchunguza wadudu wa kwetu, mbung'o akiwa mmojawapo. (Uzeeni Djerassi aligeukia riwaya. Cantor's Dilemma, ya 1989, inahusu profesa na jaribio la msaidizi wake ambalo halirudiki. Anayetaka kujua wanasayansi wanaogopa nini usiku aitafute.)

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza dhidi ya binti yule, kwamba mwenye kuingia kampuni amekisaliti chuo, ilianguka mapema. Bila mtu wa kampuni, huenda kituo kile kingechelewa sana. Na Odhiambo mwenyewe hakubaki kwenye darubini na nzige wake. Alitumia zaidi ya miaka 20 kuendesha taasisi, kuomba fedha, kukaa na wafadhili. Sijawahi kusikia mtu akisema amenunuliwa. Amekufa 2003 na kampasi ya Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, ina jina lake.

Nikatafuta hoja ya pili, nayo ilikuwa kali zaidi. Kampuni hutafiti pale palipo na mnunuzi. Mfano wake tunao. Eflonithini, dawa iliyookoa wagonjwa wa malale ya Afrika Magharibi na ya Kati waliokuwa wanakaribia kufa, iliachwa kutengenezwa miaka ya 1990 kwa sababu wagonjwa hawakuwa na pesa. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha dawa hiyo hiyo ikiwa krimu ya kuzuia nywele za usoni kwa wanawake. Ndipo, 2001, baada ya kelele nyingi, mtengenezaji akakubali kuitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Jamani, mgonjwa aliokolewa na ndevu.

Nilimpigia binti nikamsimulia hayo kama mtu aliyeshinda kesi. Akasema, "Nayajua, mwalimu. Kinachoninyima usingizi ni kingine." Akanisomea kifungu cha mkataba wake. Chochote atakachogundua ni mali ya kampuni. Hatakisema kwa mtu wa nje bila ruhusa ya maandishi, awapo kazini na kwa miaka kadhaa baada ya kuondoka. Ndani ya maabara yao anaangalia kiinitete cha nondo, yule mama wa funza anayetoboa mabua. Akikuta kitu ambacho mkulima wa Ruaha angekifanya kwa jembe na mikono yake bila kununua chupa yoyote, je, atakinyamazia?

Hapo ndipo nilipoona swali limebadilika. Sikuwa tena nauliza nani anamlipa. Nilikuwa nauliza nani anaruhusiwa kusikia. Mkataba ule ni kimya chenye saini, umekiona, umekisoma, unaweza kukikataa. Nikalala nacho siku mbili. Halafu likarudi lile swali lake la kwanza.

Tasnifu yangu. Miaka mingi iliyopita nilipata ufadhili wa shahada ya uzamili, nikarudi nyumbani kuchunguza funza wa miwa. Mzee mmoja mwenye shamba upande wa huku wa mto, si mbali na daraja la kuvukia Kidatu, aliniruhusu nikate mabua 20 kila Jumamosi, msimu mzima. Muwa kwake ni ada ya watoto, mjue. Nilipasua, nikahesabu mashimo, nikatafuta mayai. Nikaandika kurasa 112 za Kiingereza. Nikapata cheti. Nakala moja iko kwenye rafu ya maktaba ya chuo, nyingine iko kabatini kwangu chini ya vyeti vya ubatizo vya wanangu. Hakuna aliyenifunga mdomo. Sikusaini kifungu chochote. Nilinyamaza tu, kwa mazoea, kama tunavyonyamaza wote.

Hataza, ile haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi, ina jambo moja la ajabu ambalo sikuwa nimelitafakari: ili uipate lazima uweke wazi kila kitu ulichofanya. Dunia nzima inaweza kusoma, ila haina ruhusa ya kutumia mpaka muda upite. Tasnifu yangu haikumkataza mtu yeyote kuitumia. Ilihakikisha tu kwamba hakuna atakayeisoma. Kati ya hizo mbili sijui ipi ni dhambi kubwa, na nimeacha kujifanya najua.

Wapo waliofanya vingine. Watafiti wa ICIPE kule Nguruman, kusini mwa Kenya, walitengeneza miaka ya 1980 mtego wa mbung'o kwa kitambaa cha bluu na cheusi, chandarua, na chambo cha asetoni na mkojo wa ng'ombe. Mfugaji anaweza kuushona. Nyuma ya kitambaa hicho kulikuwa na miaka ya hesabu nzito kuhusu jinsi mbung'o anavyoona na kunusa, na kwamba mnyama anayezaa mmoja mmoja kila siku tisa au kumi hawezi kufidia haraka majike ukiwapunguza kidogo kidogo. Elimu ya ukuaji ile ile, imeshuka hadi kwenye sindano na uzi. Lakini mtego wa namna hiyo haumtajirishi mtu, na nikawa mkweli kwa nafsi yangu: hauezeki nyumba ya mama wa mtu yeyote pia. Binti ana wadogo watatu. Fedha za udhamini wake chuoni zilikuwa zimechelewa miezi saba. Mimi niliyemwambia amenunuliwa sikuwahi kumtumia hata nauli.

Nilimwomba radhi. Akasema yaishe, mwalimu. Amesaini, lakini ameomba kifungu kimoja kipunguzwe, kwamba mambo yasiyo bidhaa aruhusiwe kuyachapisha. Wamesema watafikiria.

Jumamosi iliyofuata niliitoa tasnifu kabatini, nikaifuta vumbi, nikaenda nayo kwa mjane wa yule mzee, maana mwenyewe ametangulia. Nilimkuta anachambua mchele chini ya mwembe. Tukasalimiana kwa urefu wake, akaniwekea kiti. Nikamwambia, mama, nimewaletea majibu ya yale mabua. Akacheka, akasema majibu yamekawia, yalikuja kwa miguu?

Nikamtafsiria polepole. Kwamba nondo hutaga zaidi kwenye majani makavu ya chini, yale yanayoning'inia kwenye bua. Kwamba muwa ukikaa sana shambani ndivyo unavyoliwa zaidi. Kwamba ukiyatoa makapi yale mapema mashimo yanapungua. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Hayo si aliyokuwa anakwambia mzee?" akasema. "Kila Jumamosi. Toa makapi, ndiyo nyumba yao. Na wewe unaandika, unaandika. Nilikuwa nawaletea uji hapo."

Nikakumbuka uji. Nikamkumbuka mzee akionesha kwa ncha ya panga, goti lake moja chini.

"Basi jina lake limo humo?" akauliza.

Nikafungua ukurasa wa shukrani. Yumo msimamizi wangu, wamo wafadhili, yumo dada aliyenichapia kwa kompyuta. Chini kabisa kuna mstari mmoja kwa Kiingereza, unaowashukuru wakulima wa eneo la utafiti. Mama akanyoosha mkono, akataka nimwoneshe ni wapi hasa.