Kaya Isiyo na Moshi

Karani wa sensa nchini Tanzania akishapiga hodi huuliza jina la mkuu wa kaya, naye anamaanisha watu wanaopika na kula pamoja. Kwale na Kilifi, pwani ya Kenya, neno hilohilo humpeleka mtu kwenye msitu mnene usio na mkazi hata mmoja. Wamijikenda, wenyeji wa pwani hiyo, hawakukosea. Humo ndimo walimoishi wazee wao tangu karne ya 16: uwanja wa makazi katikati, miti imeachwa isonge pande zote iwe boma, na vijia vyembamba vyenye malango. Baadaye watu walitoka kidogo kidogo kufuata mashamba, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa.

Kwa hiyo kaya si pori. Pori, mwitu na nyika ni maneno ya kilicho nje ya mji, kama mbwa mwitu na nguruwe mwitu. Na Wamijikenda wenyewe waliitwa Wanyika kwa miaka mingi, jina lisilo na heshima, kabla ya jina la Mijikenda, yaani miji tisa, kushika. Kaya imetukuka kwa sababu iliyo kinyume kabisa na upori: waliishi watu, wakazikwa watu, na ardhini kukafukiwa fingo, kinga ya mji. Basi anayevua kofia langoni anaheshimu nini hasa? Mti, udongo, au marehemu?

Waingereza walikuwa na jibu lao. Mwaka 1913 mwanamke aitwaye Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda, katika Kaya Fungo, wakala viapo vya kuupinga utawala uliotaka kodi yao na vijana wao kwa kazi. Mwaka uliofuata serikali ikailipua kaya kwa baruti. Yaonekana waliamini nguvu imo katika lango na miti, na vikiondoka vitu hivyo kiapo nacho kimekwisha. Wazee walirudi kuomba palepale, na Kaya Fungo bado ni kaya.

Siku hizi swali hilo la kinachoheshimiwa linaulizwa na watu wa nyumbani. Wadigo wengi, nao ni Wamijikenda, ni Waislamu, na majirani zao wengi ni Wakristo. Wapo wanaosema wazi kwamba kuomba kwenye mizimu ni shirki, au ni ushetani. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo Mwislamu hawezi kushangazwa na mti usiokatwa kwa sababu ya dini, maana katika Haram ya Makka miti ya asili haikatwi. Tofauti ni nani aliyekataza: kule Mwenyezi Mungu, huku koma, yaani mizimu ya ukoo. Mtu anaweza kuikataa ibada ya kaya na bado akaliheshimu katazo lake, kama anavyopita makaburini bila kung'oa kitu. Wanaoyafunga mambo hayo mawili pamoja, wawe wahubiri au wazee wenyewe, wanaharakisha sana.

Serikali ya Kenya imezitangaza kaya nyingi kuwa mali ya urithi wa taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliiweka misitu kumi kwenye orodha ya urithi wa dunia. Huko Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kaniki kiunoni na kuambiwa asivunje tawi wala asiondoke na kitu. Mtalii hutii bila kuamini chochote, na msitu husalimika vilevile. Lakini mlinzi mwenye sheria mkononi hawezi kuongoza tambiko la mvua, wala kumfundisha kijana njia ya kuingilia.

Anayeyaweza hayo ni mzee wa kaya, na hapo pana jambo zito kuliko yote. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, mara nyingine na jamaa zao wenyewe wanaogombea shamba. Mvi zilizompa mtu haki ya kusimama mbele ya koma ndizo zinazomponza akirudi kwake.