Tuseme au Tunyamaze? Juu ya Mtoto Mwenye Ulemavu Aingiaye Shule

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Januari, watoto wa chekechea za sharika zetu huaga na kwenda kuandikishwa darasa la awali katika shule za msingi. Kati yao wamo wasiosikia vema, waliochelewa kusema, wenye kifafa, wenye usonji, na wale ambao akili zao huenda polepole. Hapo ndipo mzazi humjia mwalimu wa chekechea faraghani na kumwomba neno moja: “Mwalimu, wakikuuliza habari za mtoto wangu, usiwaambie.” Twataka kulipima ombi hilo, kwa maana walimu na wainjilisti wengi hulipokea, na wengine hulikubali bila kulifikiri.

Mzazi huyo si mpumbavu. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto waandikishwao waliongezeka sana, na mwalimu aliyekwisha kuelemewa akisikia kwamba mtoto fulani ana shida, aweza kumwambia mama, “Rudi naye mwakani.” Na mwakani husema vilevile. Tena jina baya likimshika mtoto siku ya kwanza, halimwachi upesi. Aitwaye bubu leo ataitwa bubu hata akiisha kujua kusema. Wako na walitetealo ombi hili kwa Amri ya Nane. Husema kwamba Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo, hakutufundisha kuacha uongo tu, bali na kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Basi kunyamaza ni kumsitiri mtoto.

Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Lakini na tuulize: anayesitiriwa ni nani? Mtoto asikiaye kwa sikio moja huketishwa nyuma kwa sababu ni mrefu. Akiitwa haitiki; mwalimu aona ni kiburi, naye hupigwa kwa kosa asilolitenda. Mwenye kifafa huanguka siku ya tatu. Wenzake hukimbia, mmoja apiga kelele kwamba ni pepo, mwingine amtia kijiko kinywani, jambo liwezalo kumvunja meno. Kama mwalimu angalikuwa ameambiwa, angalimlaza kwa ubavu, angaliondoa madawati yaliyo karibu, asingalimtia kitu kinywani, naye angalingoja kwa utulivu, maana mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe baada ya dakika chache. Ikipita dakika 5, mtoto apelekwe hospitali. Basi lililofichwa limejulikana, nalo limejulikana kwa sura yake mbaya kuliko zote. Tuliositiriwa ni sisi wakubwa, tuliokwepa maneno magumu mlangoni mwa shule. Aliyelipa ni mtoto.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila asemaye kweli amemtendea mtoto haki. Mwalimu akiandika, “Hawezi kuhesabu, hasemi, hatulii,” ameandika kweli tatu, na zote pamoja zimekuwa ushuhuda wa uongo, kwa sababu mtoto mwenyewe hayumo ndani yake. Na aandike kwamba huhesabu hata tano akipewa punje za mahindi mkononi; kwamba akitaka kwenda nje humvuta mtu mkono; kwamba kelele za ghafula humtia hofu, lakini akiimbiwa hutulia; kwamba ana rafiki mmoja, na wakiketi pamoja hufanya kazi. Hayo yampa mwalimu mpya njia ya kumfikia. Friedrich Fröbel, mwana wa mchungaji wa Kilutheri huko Thuringia, Ujerumani, ndiye aliyeiita shule ya wadogo “bustani ya watoto”, mwaka 1840. Wakulima wetu wa kahawa watamwelewa upesi: hakuna autoaye mche kitaluni akaikung'uta mizizi yake, huuchukua pamoja na udongo. Maarifa ya mwalimu wa chekechea juu ya mtoto, aliyoyapata kwa mwaka mmoja au miwili, ndiyo udongo huo.

Wala udongo huo si wa kumwagwa njiani. Habari za mtoto ni za mwalimu atakayempokea, tena mzazi akubali kwanza, naye awepo zinaposemwa. Kuzisoma mbele ya kikao cha wazee, au kumtaja mtoto kwa jina katika maombi ya Jumapili pamoja na ugonjwa wake, ni umbeya uliovaa kanzu. (Tumeyasikia hayo, nasi hatukufurahi.)

Wako na walimu wenye huruma wasiotaka kumwachilia mtoto kabisa, hata utamwona wa miaka 9 akiimba bado pamoja na wa miaka 4. Husema, “Hajawa tayari.” Twauliza: na shule, imekuwa tayari? Mbona mtihani huo hupewa mtoto peke yake? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtambua kuwa ana haki ya kusoma kama wenzake. Ni kweli, wengine wahitaji shule iliyowekwa kwa ajili yao. Kanisa letu lilifungua shule ya wasioona huko Irente, Lushoto, mwaka 1963, na baadaye shule ya Irente Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Kumpeleka mtoto mahali kama hapo si kumtupa. Kumwacha chekecheani mpaka ndevu zimwote ndiko kumtupa, ingawa polepole.

Labaki neno gumu. Je, kweli ikisemwa, na mtoto akakataliwa? Hapo aliyesema amekuwa mdeni. Hawezi kumwambia mama, “Mimi nimesema kweli, yaliyosalia ni ya Mungu,” kwa maana ni neno lake lililoufunga mlango. Sharti arudi shuleni pamoja na mzazi na mzee mmoja wa kanisa. Wasiposikilizwa, waende kwa afisa elimu wa kata, wakiwa na sheria ile mkononi. Na mtoto akipokewa, mwalimu wa chekechea aombe ruhusa ya kuketi darasani asubuhi mbili tatu za kwanza, mpaka mwalimu mpya ajue mtoto huyu akivuta mkono ataka nini. Twajua ya kuwa Januari ina mambo mengi, na ya kuwa posho ya walimu hawa ni ndogo, pengine hakuna; basi usharika uwalipie nauli, walau hiyo.