Macho Yakigeuka Manjano

Vijana wangu wa Ngezi, hapa Bunia, mwenzenu macho yakimgeuka manjano, msiupe ugonjwa wake jina kabla hajapimwa. Huyu atasema nyongo, yule atasema karogwa, wa tatu keshachemsha miti. Manjano ni dalili tu, na magonjwa yanayoileta hayafanani.

Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa. Rangi inayobaki, bilirubini, hupokelewa na ini na kutolewa pamoja na nyongo mpaka kwenye choo. Basi rangi hiyo ikirundikana mwilini, huenda damu inavunjika kupita kiasi, kama kwenye malaria kali au selimundu. Huenda ini lenyewe limeharibiwa na hepatitisi, na pombe kali ya lotoko, na parasetamoli iliyozidishwa, au na hiyo hiyo miti mnayonywa kama dawa. Au njia ya nyongo imezibwa na jiwe au uvimbe.

Mtazameni mgonjwa mchana, nje, kwenye weupe wa jicho. Viganja vikiwa manjano na macho yakabaki meupe, pengine ni mawese na maembe tu. Kisha ulizeni lile ambalo vijana mnaona haya kuliuliza: choo chake kina rangi gani? Choo kilichopauka, mkojo mweusi na ngozi inayowasha mara nyingi huonyesha njia ya nyongo imezibwa, na hakuna mti utakaoizibua. Mzee wa rika langu akiwa manjano huku anakonda, wala haumwi popote, msishukuru kwamba hana maumivu. Saratani ya kongosho huweza kuanza hivyo.

Ninaowahofia zaidi ni wachanga. Manjano kidogo siku ya tatu ni ya kawaida. Yakitokea kabla ya saa 24, yakifika viganjani na nyayoni, au mtoto akikataa kunyonya, mpelekeni saa ileile, maana bilirubini ikizidi huharibu ubongo. Jua la asubuhi mnalolisifu halitoshi. Hospitalini kuna taa ya bluu ya kazi hiyo. Na nguo zake msizitie naftalini: kuna watoto ambao damu yao huvunjika kwa harufu yake tu.

Mkubwa naye akianza kupayuka, kusinzia ovyo au kutoka damu kwenye fizi, msimngojee mganga. Tafuteni pikipiki, mmoja akae nyuma amshike, mwende Hospitali Kuu ya Bunia. Dawa zote alizokunywa, za duka na za miti, mtajieni daktari bila kuficha.