Ardhi ni ya Ukoo, Uzee ni wa Nani?

Wahenga walinena: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Tumezoea kuisoma methali hii kama sifa ya undugu. Mimi naisoma kama hati ya deni: anayejiita mzaliwa nawe amejifunga kuwa nawe siku ya dhiki, wala hawezi kudai cheo cha undugu akaukwepa mzigo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 deni hilo lilifikishwa mahakamani, mbali na pwani yetu, katika nchi ya migomba ya Muleba, mkoani Kagera.

Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Umri ulipomlemea naye hana wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 aliiuza kwa mtu baki kwa shilingi 300,000. Bernardo Ephrahim, ambaye kwake mama huyo alikuwa shangazi, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yabatilishwe. Mila ilikuwa upande wake: kanuni za urithi zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake, ila si kuiuza. Mahakama ikamwamuru mama huyo arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaitengua hukumu hiyo. Na mwezi Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaafiki utenguzi huo, akizitegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwanamke na mwanamume, alisema, wana haki sawa ya kurithi na kuuza.

Tusiidharau hoja ya ukoo. Kwa Mhaya kibanja si mali ya sokoni tu. Humo wamelala wazazi, na humo watakula ambao hawajazaliwa. Lakini swali la mahakama halikuwa iwapo ardhi hiyo ni tukufu. Lilikuwa: utukufu huo ulindwe kwa gharama ya nani? Mila iliyo hai ina pande mbili. Mwanamke anazuiwa kuuza kwa kuwa ukoo utamlisha, utamuuguza na kumzika. Upande huo wa pili ukianguka, wa kwanza hubaki kufuli lisilo na nyumba.

Ndiyo maana kilichonigusa zaidi katika hukumu ile ni sharti moja dogo. Jaji alisema kwamba mwana-ukoo anaweza kuikomboa ardhi kwa kumlipa mnunuzi zile shilingi 300,000, kama ambavyo angefanya iwapo muuzaji angekuwa mwanamume. Mdai, basi, hakunyimwa ardhi ya mababu. Alitajiwa bei yake tu, na bei hiyo ilikuwa ileile aliyoipokea shangazi ili apate kuzeeka. Aipendaye ardhi na alipie matunzo ambayo ardhi ilipaswa kuyatoa.

Hata hivyo, sheria ilimpa mama huyo uhuru wa kuuza. Haikumpa mkono wa kumshika. Fedha huisha, na shamba huuzwa mara moja. Tena Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, mwaka 1983. Sidai kwamba maradhi hayo yalihusika na kesi hii. Lakini miaka iliyofuata, Bukoba na Muleba ziliona wazee waliowazika wana wao wakabaki kulea wajukuu. Penye msiba wa namna hiyo hata ukoo mwema huishiwa nguvu, na hapo dola huingia katika deni la ndugu.

Hapa Zanzibar, mwezi Aprili 2016, ilianza Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70. Zilikuwa fedha chache, lakini mzee hakutakiwa kwanza athibitishe kuwa ametupwa na wanawe, wala auze alichorithi.

Pensheni, hata hivyo, haimkandi mgonjwa miguu wala haimtekei maji. Kazi hiyo ingali ya mzaliwa nawe. Ukoo una haki ya kumwambia shangazi, "Usiuze." Lakini haki hiyo huanza siku ukoo utakapoweza kuongeza, "Njoo ukae kwetu."