Je, Yafaa Kumtia Mtu Adabu Njiani?

Ndugu, mwaka 2008, katika mji wa Los Angeles huko Marekani, daktari mmoja alikasirishwa na wapanda baisikeli wawili. Akawapita kwa motokaa yake, kisha akafunga breki ghafula. Mmoja akakipiga kioo cha nyuma kwa uso wake. Askari alishuhudia ya kwamba daktari alikiri alitaka kuwafunza. Mwaka 2010 akahukumiwa kifungo cha miaka 5.

Labda kweli walimzuia njia. Walakini ni nani aliyemweka kuwa mwamuzi? Mwenye baisikeli hana chuma cha kumkinga, na fundisho kama lile laweza kumwua. Tena mtu huyu kazi yake ilikuwa kutibu majeraha! Nasi tuendeshao motokaa twasitasita kusema ya kwamba hatujapata kutamani vivyo hivyo.