Futi Tano

Kodak Brownie Hawkeye haina zoom. Haina mahali pa kurekebisha ukali wa picha, haina kipima mwanga, haina hata betri. Ukitaka uso wa mtu ujae kwenye picha, unatembea kumwendea mpaka mbaki na kama futi tano kati yenu, na hapo ndipo mwisho. Ukisonga zaidi, anatoka na ukungu. Sasa hebu simama futi tano kutoka kwa mtu usiyemjua, umeshika boksi jeusi lenye jicho, uone kama hatakuuliza, "Boss, unafanya nini?"

Ninataka kujua kama umbali ni jambo la maadili. Yaani, picha mbili zinaweza kuonyesha kitu kilekile, moja ikawa sawa na nyingine ikawa dhulma, kwa sababu tu ya mahali mpigaji alisimama?

Kuna mama anayetuuzia chapo mtaani. Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, aliteleza kwenye matope, sufuria ya maharagwe ikamwagika yote, leso ikafunguka. Watu wakacheka kidogo, wakamwinua. Ingeishia hapo. Lakini kuna mtu alikuwa dirishani ghorofa ya tatu, akavuta kwa zoom, na kufikia jioni klipu ilikuwa imewekewa wimbo na inazunguka kila grupu. Kwa wiki mbili wateja walikuwa wakimwangalia yeye kwanza, halafu wanaangaliana, halafu ndiyo wanaagiza. Nilimuuliza kama alikasirika kupigwa picha. Akaniambia, "Kijana wangu, picha ni sawa. Lakini si angeshuka."

Hakusema angeomba ruhusa. Alisema angeshuka: awe pale chini, kwenye matope, mahali ambapo mama angemwona, angemtukana, angemwambia azime hiyo simu, ama angeshika mkono wake ainuke.

Kamera yangu, niliyoitoa kwenye rundo la vyombo vya mtumba, inamlazimisha mtu ashuke. Zilitengenezwa Rochester, New York, kati ya 1949 na 1961, umbo likiwa limebuniwa na Arthur Crapsey. Ni za bakeliti, ile plastiki nyeusi ngumu ya vishikio vya sufuria na simu za mezani za zamani. Aliyeibuni mwaka 1907 ni Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, na kabla ya hapo alikuwa ametajirika kwa kumuuzia George Eastman wa Kodak karatasi yake ya kuchapishia picha. Kwa hivyo pesa zilitoka kwa picha zikaenda kwa plastiki, na plastiki ikarudi kuwa mwili wa kamera.

Filamu moja inatoa picha 12 za mraba. Inataka filamu aina ya 620, ambayo Kodak waliacha kuiuza 1995, lakini ndani ni filamu ileile ya 120, tofauti ni kijiti inachozungushiwa. Kwa hivyo mimi huihamisha gizani, chini ya blanketi, nikiombea stima ipotee mtaa mzima.

Kitu cha maana zaidi ni kidirisha chake cha kutazamia. Kiko juu. Unashika kamera karibu na kifua na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesalimia mzee. Uso wako unabaki wazi. Unayempiga picha anakuona ukiangalia chini, na ukiinua macho mnakutana. Ndugu zake hazikuwa hivyo zote. Baby Brownie ya 1934, ambayo pia ni bakeliti, na Brownie 127 iliyoanza kutengenezwa Uingereza 1952, zote unaziweka jichoni. Uso unajificha nyuma ya plastiki. Bado uko karibu, lakini tayari umeanza kuondoka.

Hapo ningeweza kumalizia kwa kusema kamera za zamani zilikuwa na adabu na simu hazina. Ni uongo. Kodak ya kwanza ilitoka 1888, na kufikia 1890 mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, walikuwa wameshaandika ile makala yao maarufu kuhusu haki ya faragha, na mojawapo ya malalamiko yao ilikuwa picha za papo kwa papo. Watu walikuwa wanaviziwa hata wakati huo.

Tena kuna historia yetu wenyewe. Eastman alikuja Kenya 1926 kuwinda, na bunduki na kamera mkononi. (Kiswahili kinajua hili kuliko Kodak: tunampiga mtu picha, kitenzi kilekile cha ngumi na risasi.) Enzi hizo za ukoloni, nyanya zetu walipigwa picha kutoka karibu sana, wakauzwa kama postikadi, na chini yake hakuna jina la mtu, ni jina la kabila tu. Futi tano zilikuwepo. Kilichokosekana ni uwezo wa kusema hapana. Mtu aliyekusimamia ana serikali nyuma yake. Utamuuliza anafanya nini?

Kwa hivyo ukaribu peke yake si wema. Unafungua tu nafasi ya kuulizwa swali, na swali linasaidia pale anayeuliza anaweza kukataa.

Halafu nafikiria Juni 2024. Ni nani angewaambia waliokuwa madirishani Nairobi washuke ndio wachukue video ya polisi wakifyatua risasi? Zoom ndiyo iliyowaweka hai mashahidi. Mwenye bunduki hana haki ya kudai nimkaribie futi tano ndipo nirekodi anachofanya barabarani, tena kwa kazi anayolipwa na ushuru wetu. Hapo Hawkeye yangu ni toy.

Nikiweka haya pamoja, naona umbali ni kinga, na swali ni nani anaihitaji. Anayerekodi mkubwa anahitaji kinga, achukue hata kilomita akiweza. Aliyekuwa ghorofa ya tatu hakuwa anajikinga na chochote. Mama wa chapo hangemfanya kitu zaidi ya kumwaibisha kidogo, na nadhani ni aibu hiyo aliyokuwa akiikwepa: yeye amwone mwenzake ameanguka bila yeye mwenyewe kuonekana akitazama. Katiba yetu inalinda faragha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini sijui mama atampeleka nani kortini kwa kesi ya maharagwe.

Mtu ataniambia ukiomba ruhusa unaharibu picha, watu wanaanza kupozi. Ni kweli. Picha zangu nyingi ni watu wamesimama wima kama wanapigwa ya kitambulisho. Mlinzi wa ploti yetu alirekebisha kofia mara tatu. Mvulana wa bodaboda aliomba kwanza aoshe pikipiki, nikangoja dakika arobaini, mwanga ukaisha, nikampiga hivyo hivyo gizagiza. Wengine walikataa, na kukataa kwao hakuna anayekuona. Ukihesabu filamu yangu ya mwisho utapata picha 12, na hutajua kwamba nilimkaribia dada mmoja anayesuka nywele pale stegi, nikainama, nikaangalia kidirishani akiwa kinyume, kulia kwake kushoto, akasema, "Si leo, sijasukwa," akacheka, nikaketi kwenye benchi lake tukaongea bei ya nyuzi hadi mteja akaja.